Leseni hai, mikono je? Rubani binafsi anaporejea angani Bukoba na Muleba

RUBANI binafsi anayetaka kurejea angani baada ya kukaa kando miaka mitatu, mitano au kumi hukabiliwa na maswali mawili ambayo watu wengi huyachukua kuwa ni moja. La kwanza ni la sheria: je, leseni yake ingali inamruhusu kushika usukani? La pili ni la uwezo: je, mikono na kichwa chake vingali vinaweza kazi hiyo? La kwanza hujibiwa ofisini, kwa fomu na mihuri. La pili halina muhuri.

Katika anga la Bukoba na Muleba, pengo kati ya maswali hayo mawili ni pana kuliko katika sehemu nyingi za nchi. Kiwanja cha ndege cha Bukoba kimekaa ukingoni kabisa mwa Ziwa Victoria, nyuma yake vilima vikiinuka kuelekea bara. Mvua ni nyingi, hewa ni nyepesi kwa sababu ya mwinuko, na upande mmoja wa njia ya kurukia kuna maji matupu.

Leseni ya rubani binafsi humruhusu mwenye nayo kuendesha ndege ndogo akiwa peke yake au na ndugu na marafiki, bila malipo. Anayepokea nauli lazima awe na leseni ya rubani wa biashara, na ndege iwe chini ya kampuni yenye cheti cha kusafirisha abiria.

Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), mwombaji wa leseni hiyo awe na umri usiopungua miaka 17 na awe ameruka saa 40, au saa 35 kama mafunzo yake yalifuata mpango ulioidhinishwa. Hizo si saa nyingi. Mtu aliyefuzu kwa saa 45, akaongeza 30 katika miaka miwili, kisha kazi na ada za watoto zikamsimamisha, hana akiba kubwa ya kuchota siku ya kurudi.

Makaratasi kwanza

Nchini Tanzania leseni hutolewa na kuhuishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), ambayo ilianza kazi mwaka 2003. Kanuni zake zimejengwa juu ya Kiambatisho Namba 1 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, na zimeoanishwa na za nchi nyingine za Jumuiya ya Afrika Mashariki kupitia wakala wa usalama wa anga wa jumuiya hiyo, CASSOA, wenye makao yake Entebbe, Uganda.

Kosa la kawaida la anayerejea ni kuanza kwa kutafuta ndege. Aanze kwa daktari. Bila cheti cha afya kilicho hai, leseni haina nguvu hata kama tarehe yake haijapita, na si kila daktari anaweza kukitoa. Ni wale tu walioteuliwa na mamlaka kwa ajili ya marubani.

Kwa rubani binafsi, cheti kinachohitajika ni cha daraja la pili. Kwa viwango vya ICAO, aliye chini ya miaka 40 hupimwa kila baada ya miezi 60. Akivuka 40, muda hushuka hadi miezi 24, na ICAO inapendekeza miezi 12 kwa aliyevuka 50.

Hapo ndipo wengi hukwama. Aliyepata leseni akiwa na miaka 29 na kurejea akiwa na 46 huenda sasa anameza dawa za shinikizo la damu, amevaa miwani, au amegundulika kuwa na sukari. Mengi ya hayo hayamfungii mtu mlango, lakini lazima yatajwe na yapimwe. Kuyaficha ndiko kunakofunga mlango.

Aidha, malaria iangaliwe kwa makini katika mikoa ya ziwa. Mgonjwa aliyepona juzi hana nguvu za kuendesha ndege leo, na baadhi ya dawa hazikubaliki kwa marubani. Mefloquine ndiyo inayojulikana zaidi, kwa sababu huweza kuleta kizunguzungu na kuvuruga akili.

Cheti cha lugha nacho husahaulika. Tangu Machi 2008, ICAO inataka rubani anayeruka kimataifa awe na angalau kiwango cha 4 cha Kiingereza cha redioni. Wa kiwango cha 4 hupimwa tena kila baada ya miaka mitatu, wa 5 baada ya sita, na wa 6 hapimwi tena. Kutoka Bukoba jambo hili si la mbali: Entebbe na Kigali ni safari fupi, na zote mbili ni safari za kimataifa.

Mkazi wa Kagera aliyesomea urubani akiwa masomoni au kazini Marekani, Uingereza au Afrika Kusini ana hatua moja ya ziada. Ndege yenye herufi 5H ni ya usajili wa Tanzania, na leseni ya nchi nyingine haimruhusu kuiendesha mpaka TCAA iitambue au impatie ya kwake.

Siku 90 na maana yake

Baada ya leseni na afya huja kile ambacho kanuni hukiita uzoefu wa karibuni. Kanuni inayofahamika kuliko zote, inayotumika Afrika Mashariki kama ilivyo kwingi duniani, ni ya siku 90: rubani asibebe abiria kama katika siku 90 zilizotangulia hajaruka na kutua angalau mara tatu kwa ndege ya aina hiyo.

Kanuni hiyo inasema abiria. Rubani aliyekosa mitua hiyo mitatu, ikiwa leseni na vibali vyake vingine ni hai, anaweza kuitimiza akiwa peke yake. Kwa aliyesimama miezi minne, utaratibu huo unafaa. Kwa aliyesimama miaka sita ni hatari iliyovalishwa vazi la sheria.

Nchi nyingine zimeliona pengo hilo na kuliziba kwa namna tofauti. Marekani leseni yenyewe haina tarehe ya mwisho, lakini kila baada ya miezi 24 rubani lazima akae na mkufunzi kwa saa moja ya maswali na saa moja ya kuruka. Ulaya, kibali cha ndege ya injini moja hudumu miaka miwili. Kukihuisha bila mtihani huhitaji saa 12 katika mwaka wa mwisho, sita kati yake akiwa rubani mkuu, kuruka na kutua mara 12, na saa moja na mkufunzi.

Kati ya mifumo hiyo, wa Ulaya ndio unaomfaa zaidi mtu wa kujipima mwenyewe. Anayeweza kusema kwa ukweli kuwa ameruka saa 12 katika miezi 12 iliyopita yumo katika mazoea. Asiyeweza kusema hivyo anahitaji mkufunzi, kanuni imlazimishe au isimlazimishe.

Kinachopotea mwanzo

Wengi hudhani kuwa kutua ndiko kunakosahaulika kwanza. Mambo hayako hivyo. Mikono hukumbuka, kama anayerudi kwenye baiskeli. Mtua wa kwanza huwa mbaya, wa tano huwa wa wastani, na kufikia wa kumi mwili umerejea.

Kinachopotea mapema ni mpangilio wa kichwa: nini hufanywa kabla ya nini, mnara unaambiwa nini na kwa maneno gani, kasi gani kwa hatua gani, na hatua za dharura injini inapozimika. Mwaka 1983 ilitoka taarifa ya utafiti uliofanywa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, uliowafuatilia marubani binafsi miezi 8, 16 na 24 baada ya kupata leseni. Ulionyesha kuwa ujuzi wao ulishuka sana, na kwamba wenyewe hawakuwa waamuzi wazuri wa ni ujuzi upi ulikuwa umeshuka.

Neno hilo la mwisho ndilo zito. Rubani anayerejea huenda kwa mkufunzi akisema, "Nahitaji kutuatua kidogo tu." Anachohitaji hasa ni mtu mwingine wa kumwambia anachohitaji.

Hivyo basi, mkufunzi mzuri hampeleki mtu huyo moja kwa moja kwenye mitua. Humkalisha chini kwanza na kitabu cha ndege, humpa hesabu ya uzito na mafuta, na humtaka aeleze kwa mdomo atafanya nini injini ikinyamaza akiwa mita 150 juu ya ardhi. Angani humfanyisha ndege iende polepole hadi mabawa yakaribie kushindwa kuibeba, kisha airejeshe katika mwendo wake. Humnyamazishia injini bila kumwonya. Mitua hufuata.

Kipimo kinachotumiwa na wakufunzi wengi, ambacho si sheria, ni saa moja ya mafunzo kwa kila mwaka wa kukaa kando. Miaka sita, saa sita. Wenye saa nyingi za zamani hupunguza, na wenye chache huongeza.

Ugumu ni kwamba mkazi wa Bukoba hana chuo cha urubani mlangoni. Atalazimika kwenda Dar es Salaam, au kuvuka mpaka: Nairobi, ambako Kiwanja cha Wilson kina vyuo kadhaa na klabu ya marubani iliyoanzishwa mwaka 1927, Kajjansi karibu na Kampala, kwenye ndege ndogo za kukodi, au Soroti, penye chuo cha usafiri wa anga cha Afrika Mashariki kilichoanzishwa mwaka 1971. Anayefanya mafunzo nje ahakikishe mapema kama saa hizo na sahihi za mkufunzi huyo zitapokelewa na TCAA.

Tofauti ya mahali pa mafunzo si ya nauli tu. Dar es Salaam iko karibu na usawa wa bahari. Bukoba haiko.

Mita 1,140 na joto la mchana

Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na kiwanja cha Bukoba kiko juu kidogo ya hapo. Kwa hesabu za kawaida za anga, hewa ya kimo hicho ingekuwa na joto la nyuzi 7 au 8 hivi. Lakini mchana Bukoba hufika nyuzi 26. Joto huipanua hewa, na ndege huona kama iko kwenye kiwanja cha mita 1,800.

Injini ya kawaida ya ndege ndogo, isiyo na kifaa cha kusukumiwa hewa, hupoteza hapo kati ya asilimia 15 na 20 ya nguvu zake. Ndege hukimbia zaidi kabla ya kuinuka, na ikiinuka hupanda kwa uvivu. Mchanganyiko wa petroli na hewa, ambao mwanafunzi wa pwani huuacha kwenye kiwango cha juu kabisa, hapa lazima upunguzwe petroli, la sivyo injini hunguruma vibaya na nguvu hupungua zaidi.

Kutua nako kuna mtego wake. Saa ya kasi ndani ya ndege husoma shinikizo la hewa, si mwendo halisi. Katika hewa nyepesi namna hiyo, ndege huwa inakwenda kwa asilimia 9 hivi zaidi ya saa inavyosema. Rubani aliyezoea Dar es Salaam ataona lami ikimkimbilia haraka kuliko anavyokumbuka, naye atashawishika kuvuta usukani apunguze mwendo. Mabawa yanaposhindwa kuibeba ndege karibu na ardhi, nafasi ya kujirekebisha haipo.

Kinga yake ni kuiamini saa na kutoyaamini macho. Kasi ya kukaribia kiwanja inayosomwa kwenye saa ni ile ile ya Dar es Salaam. Kinachobadilika ni urefu wa lami utakaotumika, ambao kwa hali hiyo huongezeka kwa karibu moja ya tano.

Ziwa na asubuhi yake

Rubani yeyote aliyejifunza bara amefundishwa kuruka asubuhi na mapema, wakati hewa imetulia na mawingu ya radi hayajajijenga. Dodoma, Arusha na Serengeti hiyo ni hekima. Bukoba inaweza kuwa kosa.

Sababu ni ziwa lenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara, na mvua za radi hujengeka juu ya vilima. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, upepo hushuka kutoka pande zote kwenda ziwani, hukutana katikati juu ya maji yenye uvuguvugu, na radi hulipuka huko usiku kucha. Pepo za mashariki huzisukuma dhoruba hizo kuelekea magharibi, nazo hufika pwani ya Kagera alfajiri na asubuhi.

Ndiyo maana Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Mwanza, ng'ambo ya ziwa hilo hilo, hupata takriban nusu yake.

Novemba 6, 2022, muda mfupi kabla ya saa 3 asubuhi, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, safari namba 494 kutoka Dar es Salaam, ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa na watu 43. Watu 19 walifariki, wakiwamo marubani wote wawili, na 24 waliokolewa. Wavuvi wenye mitumbwi walikuwa wa kwanza kufika.

Ile ilikuwa ndege ya abiria yenye injini mbili na marubani wa kazi, na haifai kulinganishwa kijuujuu na ndege ndogo ya mtu binafsi. Lakini saa, mahali na hali ya hewa ni vile vile atakavyokutana navyo rubani binafsi anayefika Bukoba asubuhi kutoka Mwanza, akiwa na injini moja na macho yake tu.

Kwa asiye na mafunzo ya kuruka kwa vyombo, wingu si usumbufu, ni ukuta. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwaweka watu 20 wasio na mafunzo hayo katika hali ya kutoona nje. Wote walipoteza udhibiti wa ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Hazifiki dakika tatu. Rubani aliyekaa kando miaka mitano asijihesabie zaidi ya hapo.

Jambo jingine ni mvua kwenye kioo. Maji juu ya kioo cha mbele huvunja mwanga na kumfanya rubani ajione yuko juu zaidi ya alivyo. Kukaribia kiwanja juu ya maji yasiyo na alama yoyote huleta udanganyifu huo huo. Vyote viwili humwambia ashuke, na Bukoba huweza kumpatia vyote kwa pamoja.

Hali ya hewa ya viwanja hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Taarifa ya kiwanja ikisomwa saa mbili kabla ya safari haitoshi kwa upande huu wa ziwa. Ipigwe simu kiwanjani kabla ya kuwasha injini, na mafuta ya kurudi yawepo. Kwa siku za kwanza za kurejea, muda mzuri mara nyingi ni baada ya mvua ya asubuhi kukatika na kabla mawingu ya mchana hayajasimama upande wa Karagwe.

Ndege nayo ilikuwa imelala

Mara nyingi rubani aliyesimama ana ndege iliyosimama, yake au ya rafiki. Unyevu wa Bukoba hauihurumii. Tangi lisilojaa hupumua hewa yenye maji, usiku maji huganda kuwa matone na kukaa chini ya petroli. Yatolewe kwenye kila bomba la chini kabla ya kila safari, na safari ya kwanza yatolewe zaidi ya mara moja, baada ya kuitikisa mabawa.

Nyigu hupenda kujenga kwa udongo ndani ya kijibomba kinachopeleka hewa kwenye saa ya kasi. Ndege itakimbia vizuri kwenye lami huku mshale umelala kwenye sifuri. Asiyeutazama mshale huo mapema huligundua jambo hilo akiwa hewani.

Ndege nyingi za zamani, Cessna 172 zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1990 zikiwamo, hutumia kabureta. Hewa yenye unyevu ikipita kwenye kabureta hupoa ghafla na kuweza kugandisha barafu humo, hata nje kukiwa na nyuzi 20. Watu huicheka habari ya barafu chini ya ikweta. Kwa hakika pwani ya ziwa lenye joto la wastani na unyevu mwingi ni mahali pake hasa, tena wakati injini imepunguzwa nguvu kwa ajili ya kutua. Kifaa cha kuipasha kabureta joto kivutwe kabla ya kupunguza nguvu, si baada ya injini kuanza kukohoa.

Petroli ya ndege hizo ni avgas, ambayo si mafuta ya taa yanayotumiwa na ndege kubwa. Haipatikani kila kiwanja, na kuwekewa isiyo yake ni kuua injini. Ulizia kabla ya kupanga safari, na simamia mwenyewe inapomiminwa.

Njia ya kwenda Muleba

Kwa aliyemaliza saa zake na mkufunzi, safari ya kwanza inayofaa ni fupi: Bukoba hadi Muleba na kurudi, karibu kilometa 60 kwenda kwa mstari ulionyooka. Kwa ndege ndogo ni dakika 20 hivi. Ukingo wa ziwa ni alama isiyopotea, Ghuba ya Kemondo inajitambulisha yenyewe, na barabara kuu iko upande wa kulia wakati wa kwenda kusini.

Mtego wa njia hii ni uwanda wa juu wa Kamachumu, ulio mita mia kadhaa juu ya ziwa. Wingu linaloonekana liko juu ya kutosha kwa mtu aliye Bukoba linaweza kuwa ukungu unaogusa migomba ya Kamachumu. Dari la mawingu lihesabiwe kutoka Kamachumu, si kutoka majini.

Kuhusu mahali pa kutua kwa dharura, anayewafahamu Wahaya na makazi yao ana faida. Kibanja chenye migomba na mibuni hakimfai rubani, na ndimo zilimo nyumba za watu. Rweya, yaani nyanda za nyasi zilizo wazi kati ya vijiji, ndizo za kutazamwa tangu mapema, ingawa zina mawe na vichuguu, na sehemu nyingine zimepandwa miti. Rubani anayerejea azitembelee kwa gari siku moja kabla ya kuzitegemea kutoka angani.

Visiwa vya Muleba, Bumbire na Goziba vikiwamo, huvutia, lakini vingojee. Ndege kama Cessna 172 ikizimika injini huteleza takriban mita tisa mbele kwa kila mita moja inayoshuka. Ikiwa mita 900 juu ya maji, itafika kilometa nane, katika hewa tulivu. Zaidi ya hapo kutoka ufukweni, kinachobaki ni maji, na viwango vya ICAO hutaka ndege ya injini moja iwe na jaketi la kuokolea maisha kwa kila aliyemo.

Jaketi hilo livaliwe, lisiwekwe nyuma ya kiti. Lisijazwe upepo ndani ya ndege. Aliyelijaza ndani huinuliwa na maji hadi darini na kushindwa kuufikia mlango ulio chini yake.

Abiria wa kwanza

Shinikizo kubwa kwa rubani anayerejea halitoki kwa TCAA. Hutoka kwa ndugu. Habari zikisambaa kwamba mtoto wa fulani ana ndege, shangazi atataka kwenda Mwanza hospitali, na shemeji atakuwa na msiba wa kuwahi Biharamulo. Kumkatalia mkubwa wako si jambo jepesi. Ni heri kukataa mapema, kabla ya siku ya safari, kwa kutaja tarehe ambayo mitua yake na saa zake zitakuwa zimetimia.

Kwa upande wa abiria, maswali matatu yanatosha na si utovu wa adabu kuyauliza: umeruka lini mara ya mwisho, umewahi kutua Bukoba kwa ndege hii, na tutafanya nini tukikuta mvua? Jibu zuri la swali la tatu ni jina la kiwanja kingine na kiasi cha mafuta ya kufika huko. Rubani anayejibu kuwa watasubiri waone, abaki mwenyewe asubiri.

Na aliyelipishwa hata kidogo, iwe kwa jina la mchango wa mafuta lililokuzwa, ajue kwamba leseni ya huyo rubani haikutolewa kwa kazi hiyo.

Kuhusu kuruka usiku, mitua mitatu ya mchana haihesabiki. Kubeba abiria usiku huhitaji mitatu mingine iliyofanywa gizani ndani ya siku hizo hizo 90. Pembeni mwa ziwa, giza lina ubaya wa pekee: mbele kuna taa chache za mji, chini hakuna kitu, na jicho humwambia rubani kuwa yuko juu mno. Hushuka kidogo, kisha kidogo tena, huku taa zikionekana vile vile, mpaka maji yanapokuwa karibu. Aliyerejea mwaka huu apange kuwa ameshatua na kufunga ndege kabla ya saa 12 jioni.